Matundu Marefu Kwenye Ubao

Birch Slough, Alaska
10 Juni 1973

Mjomba Hollis,

Shikamoo. Natumai barua hii inakukuta na afya, na kwamba mgongo hausumbui tena. Sisi hatujambo. Bibi anakohoa asubuhi, lakini uji anamaliza.

Shule nimemaliza. Tulikuwa wanne kwenye mahafali. Niliombwa kusema maneno machache nikashindwa, kwa hiyo mwalimu aliyasoma yeye.

Nina jambo dogo la kukuuliza, kwa sababu wewe ni fundi wa bunduki na hapa sina wa kumuuliza. Baba alipanda mto Ijumaa kwenda kambi ya samaki kutengeneza gurudumu la mtoni la kunasia samaki. Nimebaki kumtunza Bibi. Mwaka jana dubu alibomoa kibanda cha kukaushia samaki, unakumbuka. Safari hii Baba alisema, "Wewe umesoma, nichagulie risasi za bastola." Nilisoma vitabu vyote vya matangazo pale dukani majuma mawili. Nikachagua nzito, za uzito wa greni mia tatu, badala ya zile za mia mbili arobaini alizozoea, kwa sababu nilisoma kwamba nzito hupenya zaidi. Baba alinisifu dukani hadi nikaona haya.

Tulizijaribu kwenye ubao, hatua ishirini. Alipiga tano. Mbili zilitoboa matundu ya mviringo. Tatu zilitoboa matundu marefu, kama la ufunguo. Baba akasema ubao umeinama. Mimi niliona haujainama, nikanyamaza.

Bunduki ametuachia sisi, maana dubu huja jalalani. Yeye amebeba bastola tu, kwa kuwa kwenye gurudumu anahitaji mikono yote miwili. Ni ubao kweli, Mjomba?

Mpwa wako,
Verna


Fairbanks
13 Juni 1973

Verna mpwa wangu,

Marahaba. Mgongo ni uleule, tuuache. Hongera kwa kumaliza shule, na pole ya kikohozi kwa Bibi.

Si ubao. Soma haya polepole.

Ndani ya mtutu kuna mifereji iliyosokotwa. Hiyo ndiyo inayoizungusha risasi ili isafiri imenyooka. Risasi ikiwa nzito zaidi na unene ni uleule, haina pa kuongezekea ila urefu. Na risasi ndefu inataka msokoto wa kasi zaidi, la sivyo inayumba kama pia ya watoto inayochoka, kisha inaanguka ubavu. Ikimfikia dubu kwa ubavu haipenyi. Itampasua ngozi na kumkasirisha.

Bastola nyingi za aina ile zina msokoto wa mzunguko mmoja kwa inchi ishirini, na hapo risasi yako ingekwenda vizuri. Kwa hiyo mtutu huo si wa kiwandani. Nilisikia zamani kwamba marehemu babu yako aliubadilisha baada ya ule wa kwanza kupasuka. Aliutoa wapi? Tafuta bandani kama kuna kipande kilichobaki. Chukua ufito wa kusafishia, ufunge kitambaa kinachobana, uusukume ndani, uhesabu inchi ngapi unakwenda mpaka ujizungushe mara moja. Niletee namba.

Na umwambie baba yako asizitegemee hizo risasi. Mimi siwezi. Tangu mazishi ya dada yangu, mama yako, shemeji akisikia jina langu anatoka chumbani.

Mjomba wako,
Hollis


Birch Slough
19 Juni 1973

Mjomba,

Shikamoo. Nisamehe mwandiko, rubani anakunywa kahawa dukani na amenipa nusu saa. Ndege haikuja Ijumaa kwa sababu ya ukungu. Barua yako nimeipata leo. Baba yuko kule siku ya kumi na moja.

Kipande nimekipata bandani, chini ya matanga ya mashua. Ni cha bunduki, kuna namba za bunduki ubavuni. Urefu wake ni inchi tisa na nusu tu. Ufito ulijizungusha robo. Nimerudia mara nne. Robo, Mjomba. Maana yake inchi thelathini na nane kwa mzunguko mmoja.

Nimekimbia nyumba zote. Hakuna mashua hata moja, wanaume wote wako kambini na familia zao. Mzee wa duka alisema labda Baba hatakutana na dubu yeyote. Alisema kwa upole, nami nilitaka kumpiga.

Tafadhali nenda kituo cha redio, pale wanaposoma ujumbe wa watu wa porini saa tatu usiku. Baba anayo redio ndogo. Usiweke jina lako, atazima. Najua mto mzima utasikia, na alishajisifu kwa kila mtu. Wasome hivi, wasipunguze kitu:

"Kwa Edgar, kambi ya juu. Baba, risasi nilizochagua hazifai kwa mtutu huo, zinakwenda ubavu. Usizitegemee. Rudi nyumbani. Niliona kwenye ubao nikanyamaza. Verna."

Rubani ananiita.

Mpwa wako


Fairbanks
21 Juni 1973

Verna mpwa wangu,

Natumai wewe na Bibi mnapata usingizi, ingawa najua hampati.

Jana saa tatu walisoma, neno kwa neno. Leo watasoma tena, na kesho. Msomaji alitaka kukata ile sentensi ya kunyamaza, akasema ni mambo ya nyumbani. Nikamwambia nitakaa mlangoni pake mpaka aisome.

Namba yako ni sahihi. Thelathini na nane ni msokoto wa bunduki inayorusha risasi fupi kwa nguvu nyingi. Bastola inarusha polepole, na mzunguko haba kiasi hicho hautoshi kushika greni mia tatu. Zile za mia mbili arobaini zilikuwa fupi, zikanusurika. Hakuna mtu dukani ambaye angekuambia hilo. Vitabu vya matangazo navyo haviandiki, vinauza.

Bado hatujui kama amesikia. Kula kitu.

Mjomba wako,
Hollis


Birch Slough
26 Juni 1973

Mjomba,

Shikamoo. Barua hii rubani anakuletea pamoja na Baba mwenyewe. Utampokea uwanjani. Yuko hai. Mguu wa kushoto usiutazame mbele yake.

Nitakueleza kwa mpango, nikiruka nitalia.

Ijumaa alikuja kwa mashua Chester, ambaye kambi yake iko chini zaidi mtoni kuliko ya Baba. Sikuwahi kusema naye. Alisimama mlangoni na kofia yake, akaniuliza, "Wewe ndiye wa risasi zinazolala ubavu?"

Nikasema ndiye mimi.

"Mke wangu alizima jiko ili asikie vizuri. Tulicheka kidogo, sikufichi. Halafu ulipofika pale pa kunyamaza hakuna aliyecheka." Akanyoosha mkono. "Leta zile za zamani. Nazipeleka."

Nilimpa boksi. Alisafiri siku mbili bila kulala, maana jua lenyewe halilali. Alimkuta Baba hemani, mguu umevimba mpaka gotini na unanuka. Mbwa wake wawili walikuwa wamelala mlangoni, mmoja amepasuliwa sikio.

Mjomba, dubu alikuja tarehe kumi na saba. Tarehe kumi na saba barua yako ilikuwa imekwama ukunguni, na mimi nilikuwa ninamkata Bibi kucha. Baba alipiga mara nne. Chester aliuona ubavu wa dubu yule alipomkuta mtoni na kumuua, anasema risasi zilikuwa zimelala kwenye mafuta kama vijiko. Dubu akamng'ata mguu; mbwa ndio waliomfukuza, na Baba akajiburuta hemani.

Na redio ilikuwa inafanya kazi. Siku zote tatu, usiku, alilala pale na mguu ule, akinisikiliza nikimwambia asizitegemee risasi.

Chester alimleta kwa mashua yake. Tulipombeba kwenda kwenye ndege aliangalia juu tu. Nilitembea pembeni ya machela nimeshika blanketi, na sikupata cha kusema, kama pale kwenye ubao.

Kaa naye, tafadhali. Hata akikufukuza.

Mpwa wako,
Verna


Fairbanks
3 Julai 1973

Verna mpwa wangu,

Pole, na pole tena. Mpe Bibi pole zangu, yeye ndiye mama wa baba yako.

Mguu waliukata Alhamisi, chini ya goti. Homa imeshuka. Daktari anasema ataishi, na ninamwamini kwa sababu mgonjwa ameanza kulalamikia chai.

Siku mbili za kwanza alinigeuzia mgongo. Siku ya tatu akasema, "Umenenepa." Nikamwambia na yeye amepungua. Muuguzi alituona kama wehu. Baada ya hapo akaniuliza namba ya mtutu. Nikamwambia ni thelathini na nane, na kwamba umeipima wewe, mara nne, kwenye kipande cha inchi tisa na nusu. Akafumba macho, nikadhani amelala.

Kisha akaomba karatasi. Aliandika mwenyewe, ikamchukua karibu saa nzima, na akanituma kituo cha redio, mimi. Wataisoma kesho, siku ya sikukuu ya uhuru, wakati kila mtu yuko karibu na redio yake. Barua hii itakufikia baadaye, lakini nakunakilia uwe nayo kwa maandishi:

"Kwa Verna, Birch Slough. Mtutu ule tuliukata mimi na babu yako. Nilijua umetoka kwenye bunduki na sikukuambia. Matundu kwenye ubao niliyaona kabla yako. Ubao haukuinama. Niliona haya, kwa kuwa nilishakusifu mbele ya watu. Chester, mbwa wangu uwalishe vizuri. Edgar, baba yako."

Mjomba wako,
Hollis


Birch Slough
6 Julai 1973

Mjomba,

Shikamoo, na asante kwa kukaa naye.

Tuliisikia dukani. Watu walikuwa wengi, wamekuja kwa ajili ya sikukuu na mbio za mashua. Ilipoisha, mzee wa duka alishusha sauti ya redio, na watu wakaendelea kununua walichokuwa wananunua. Mama mmoja alinipa mkate. Bibi aliniuliza nyumbani kama imenipunguzia uzito. Nilimwambia sijui. Mguu umeshakatwa, na wale samaki wakubwa wa samoni wamepita bila sisi, na mbwa wanahitaji chakula cha majira ya baridi.

Lakini jana usiku nililala.

Mke wa Chester atakaa na Bibi. Nakuja na ndege ya Jumanne. Mwambie Baba asichoke kuningoja, na usimwambie chochote kwa niaba yangu. Nitasema mimi, kwa mdomo.

Mpwa wako,
Verna