Kuku wa Kumi na Mbili

Mpendwa mshauri Evelina, shikamoo. Naomba msaada wako kwa jambo ambalo sijamwambia mtu yeyote, hata kwa padri sijaungama, nalo ni kwamba siku ya sherehe ya Uhuru nilichinja kuku mmoja kwa mkono wangu, mimi Mkristo, nikamtia kwenye chungu cha wote na Waislamu wakala bila kujua.

Nimemaliza kidato cha nne, na kwa kuwa kwetu ni mbali na shule, miaka yote minne nimeishi kwa rafiki wa mama yangu, nitamwita Mama Naima, yeye ni Mwislamu lakini Jumapili ndiye anayeniamsha niwahi misa, na Ramadhani iliyopita, wao wamefunga, kila siku aliniwekea chakula cha mchana akakifunika kawa, nami nilikula huku machozi yananitoka kwa sababu ya yule kuku.

Ilikuwa hivi. Kijijini kukiwa na shughuli ya serikali anachinja mzee mmoja Mwislamu, Mzee Hamidu, ili kila mtu ale, na sisi Wakristo hatuna neno. Siku ile alichinja kumi na mmoja, wa kumi na mbili akatoroka, nilipomkamata mzee alikuwa ameshakwenda kukaa uwanjani na wageni, nami naogopa kusema mbele ya wazee wa kiume, maji yanachemka, wanawake wananiita, basi nikachukua kisu.

Baadaye shehe akaomba dua, katekista akasali, tukaimba wimbo wa taifa, kisha mwenyekiti akasema, "Leo hapa hakuna chungu cha Wakristo wala cha Waislamu. Kuna chungu cha Watanzania. Kuleni." Mama Naima akanitania, "Mtoto huyu hata kuku anamwomba radhi, lakini onjeni mchuzi wake." Watu wakacheka. Mimi nikaenda kuosha masufuria yaliyokuwa safi.

Mwezi ujao naenda Mpwapwa kusomea mifugo, na nguo za kwenda nazo ameshona Mama Naima. Nikimwambia, naogopa hataniamini tena jikoni mwake. Nikinyamaza, nitaondoka nimebeba nguo zake na uongo wangu. Nifanye nini? Tafadhali usiandike jina langu.

Binti, Kondoa

Marahaba, mwanangu. Mama Naima amelea vizuri, maana mtoto asiye na shukrani angeshamsahau kuku wa miezi yote hiyo.

Sasa nikugombeze. Aibu naijua, hata mimi nilikuwa nayo, lakini siku ile aibu yako uliwabebesha watu wengine. Ungemtuma mtu amwite mzee. Ungemfunga kuku miguu ukamwacha, kumi na mmoja wangetosha. Mama Naima hakuja kuchungulia jikoni kwa sababu aliyekuwa jikoni ni wewe, na chungu alichokisifu mwenyekiti hakina mlinzi mwingine.

Kama kuna neno la dini juu ya waliokula, usiniulize, mimi si shehe. Hilo waachie wenyewe. Lako ni kusema. Wiki hii hii, akishaswali alasiri, kaa naye umwambie: "Mama, kuku mmoja wa Uhuru nilimchinja mimi." Uishie hapo. Habari ya maji kuchemka asiisikie mpaka aulize. Akikasirika, mwache akasirike, ana haki. Kisha mwombe akusindikize kwa Mzee Hamidu, ukaseme hivyo hivyo mwenyewe. Huko Mpwapwa utashika mifugo ya watu, na ukikosea itabidi ufungue mdomo, anza nyumbani. Na usingoje siku ya basi, ukamtupia maneno dirishani.

Mwanamke anayekaa na njaa huku akikupikia hawezi kukufungia mlango kwa urahisi.

Jina lako halitatoka kwangu. Nanyi wasomaji wa Kondoa mlioanza kukumbuka nani alipika siku ile, nawaomba: mkimjua, nyamazeni. Mwacheni afike kwa mama yake kabla ya maneno yenu.