Edgar Tranter, Aliyepiga Fidla Ndani ya Kinanda

Mwaka umetimia, Baba, tangu tukuzike kwenye makaburi ya Yardley, na Mama akanong'ona kaburini kwamba ungekuwa hai ungemtilia shaka hata mchungaji.

Nyumba imetulia mno. Hakuna anayeinua bahasha kwenye mwanga wa dirisha kabla ya kuifungua, wala anayehesabu chupa za maziwa mlangoni kana kwamba muuza maziwa ni mwizi wa kuzaliwa. Lakini muuza maziwa huyo huyo alipovunjika mguu, ni wewe uliyemsukumia kigari chake wiki tatu. Ulitushuku sote, ukatupenda sote.

Miaka thelathini iliyopita, fundi Tolley wa Sparkbrook alikuita karakanani kwake. Alikuwa akiunda kinanda ambacho kila kibao kina utepe wake wa kurekodia sauti; ukikibonyeza, utepe unapita na unasikia fidla ya kweli iliyorekodiwa. Alitaka upige sauti moja moja, sekunde nane kila moja, kwa siku tatu. Alisema ni kinanda cha sebuleni, cha kuburudisha familia. Ulimwambia Mama kwamba humwamini hata kidogo. Mama naye hakukuamini wewe. Siku ya pili alikufuata kwa basi akidhani kuna mwanamke, akasimama nje ya karakana, akasikia sauti ile ile ikirudiwa mara kumi na nne, akarudi nyumbani akicheka peke yake.

Ulimwekea Tolley alama. Sauti moja ya katikati uliishusha kiasi cha unywele, ili siku ukiikuta mahali pasipo pake umshike. Wenzako wa bendi hukuwaambia kitu.

Baada ya miaka miwili, meneja wa ukumbi wa dansi mlimokuwa mkipiga aliingiza kinanda kipya mchana mmoja, akawaambia wapiga fidla wote wanne kwamba kazi imekwisha. Horace Pugh, rafiki yako tangu shuleni, akamuuliza fidla iliyomo humo ni ya nani. Meneja akasema hajui, imetoka mbali huko. Ulisogea, ukabonyeza kibao cha katikati, ukiomba isiwe ile yako. Ikawa.

Ungeweza kunyamaza. Hakuna mwingine aliyeijua alama ile.

“Ni mimi,” ulisema. “Hiyo sauti niliipotosha makusudi, niitambue nikiisikia.”

Horace alikugeukia. “Kwa hiyo ulimshuku yeye, Edgar, halafu ukatuficha sisi?”

Chama cha wanamuziki kiliwatetea, lakini kazi haikurudi. Ukaenda kutunza stoo ya kiwanda cha baiskeli, na fidla ikakaa juu ya kabati. Horace akikuona barabarani anavuka upande wa pili. Miaka kumi na mmoja ilikwenda hivyo. Tulikusikia mara moja tu ukilizungumzia jambo hilo. Ulimwambia Mama, “Nililinda mlango, Winnie, nikawafungia nje watu wangu mwenyewe.”

Jumapili moja Horace akabisha hodi. Ulifungua, ukaacha mnyororo wa mlango.

“Unataka nini?”

“Hilary wangu anaolewa. Njoo upige.”

“Kuna nini nyuma ya mwaliko huo?”

“Nyuma yake kuna mvua, na mimi nalowa. Kanisani wanataka kutuletea kinanda kama kile, lakini kinakata kila baada ya sekunde nane, na binti yangu anatembea polepole. Toa mnyororo, mzee.”

Mwanao Keith anasema ulichungulia kwanza kama yuko peke yake, ndipo ukautoa.

Siku ya harusi mlipiga wawili, mkisoma karatasi moja ya muziki, na Mama anaapa mlikuwa mkiviziana nani atakosea kwanza. Tangu hapo Horace alikuja kila Jumapili. Hukuacha kumuuliza anatafuta nini, naye hakuacha kuja.

Wanaokukumbuka ni mkeo Winifred, sisi wanao, Gillian na Keith, mkweo Pauline, wajukuu zako Martin na Joanne, na Horace Pugh, ambaye hakuamini kwamba tungemtaja mpaka tulipomsomea tangazo hili la kumbukumbu. Alitaka asomewe mara ya pili. Safari hii alivua miwani akalia.

Hatutakusahau, Baba, siku zote tulizobakiwa nazo.