Alama za Baba kwa Albamu za Roki

Mpendwa Baba,

Natumaini huko uliko hakuna mtu anayepiga gitaa vibaya, maana ungekuwa umeshampigisha magoti.

Walimu wenzako wa shule ya Tulia walipostaafu walifuga nyuki. Wewe ulifungua masanduku yako ya santuri za roki, zile za wazungu wenye nywele ndefu, ukaanza kuzisahihisha kama insha za darasa la saba. Uliandika kwa kalamu nyekundu juu ya jalada: "8/10. Ngoma safi. Mwimbaji apunguze kulia." Nyingine: "5/10. Gitaa limerefuka bila sababu." Moja uliiandikia "Nione." Nikakuuliza mwimbaji atakuonaje na yuko Uingereza. Ukasema, "Siku akipita."

Kazi yangu ilikuwa kugeuza santuri. Hakuna kuongea mpaka upande uishe, na mbuzi wakiinuka kivulini kwa sababu ya kelele, alama moja inakatwa. Wiki nzima tuligombana juu ya ile yenye picha ya punda aliyevaa miwani. Mimi niliipa tisa, wewe nne. "Huyu ni mtu amefungiwa chooni," ulisema. Mama alipita na sufuria ya muthokoi, mahindi yake ya kukoboa, akasema hizo zote ni nyimbo za shetani, akaenda zake jikoni.

Sasa juzi kanisani kulikuwa na semina ya kusafisha nyumba, kuondoa vitu vya shetani. Mama akanipigia simu huku Makueni: "Jumamosi wamama wa kanisa wanakuja kuchoma zile vitu za baba yako. Kama kuna kitu yako hapa, kuja uchukue."

Baba, nililia njia nzima. Mwandiko wako uko kwenye yale majalada tu. Barua hukuwahi kuniandikia, na kwa simu ulikuwa unanijibu "Sawa", basi.

Nilimkuta Mama uani, masanduku wazi, kiberiti pajani. Njiani nilikuwa nimejipanga na Daudi wa Biblia na kinubi chake, nikaanza kuhubiri. Hakunisikiliza. Alikuwa amevaa miwani, anasoma jalada la punda.

"Hii ndiyo alipatia nne?"

"Ndiyo, Mama."

"Nne." Akaligeuza jalada. "Ule wimbo wa tatu upande wa pili, ule unaanza polepole. Huo ndio nilikuwa nachambulia maharagwe. Miaka yote hiyo."

Akaniambia nisisimame hapo kama mgeni, nibebe masanduku niyaingize chini ya kitanda chake kabla wenzake hawajafika. Walipofika, aliwapa redio mbovu na suruali zako mbili wachome, wakaimba, wakaomba, wakanywa chai.

Nilicheka mpaka mbavu zikauma, halafu nikakukumbuka vibaya sana.

Mama amenituma nikuandikie. Anasema ile nne haikubaliki, ulimwonea huyo mwimbaji, na siku wewe na Mama mkionana utamweleza ulikuwa unasikiliza nini. Jiandae, Baba. Hana haraka ya kuja huko, lakini hajasahau.

Binti yako.