Mapaja ya Aliyekaa

Guangzhou, Jumapili jioni

Kwako Mama,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta umekaa barazani umenyoosha mguu, maana Somoe aliniambia goti limeanza tena. Linaendeleaje? Ile dawa ya kuchua unaitumia, au umeiweka tu kabatini kama ya mwaka jana? Na mikorosho, imetoa maua ya kutosha? Baba mdogo aliwahi kupata dawa ya kupulizia safari hii? Mimi ni mzima wa mwili, alhamdulillahi. Mengine utayasikia humu.

Barua anaileta Mzee Hatibu wa Ikwiriri, yule anayekuja huku kununua vipuri vya pikipiki. Ameniahidi kuikabidhi mkononi mwako. Somoe, mdogo wangu, ukimsomea mama soma taratibu, wala usiruke mstari hata ukinionea huruma.

Mama, kwenye simu nimekuambia mara tatu kwamba nimezoea. Sijazoea. Nikisikia sauti yako naogopa ya kwangu itakatika, basi nasema nimezoea, halafu nauliza habari za kuku. Kwenye karatasi naweza kusema kweli.

Kazi yenyewe si ngumu. Ni ile ile ya Dar es Salaam, kulinganisha hati na mizigo kabla kontena halijafungwa. Kinachonitisha ni njia ya kufika kazini. Treni ya hapa inapita chini ya ardhi. Unashuka kwa ngazi zinazokwenda zenyewe, begi linapitishwa kwenye mashine ya kulikagua, unagusisha kadi, geti linafunguka. Njia zao zimechorwa ukutani kwa rangi, zimepishana kama ukili wa mkeka wa Bibi. Mimi nafuata ya njano. Vituo nahesabu kwa vidole ndani ya mfuko wa suruali, watu wasione. Ni kumi na kimoja. Kwa hiyo nikifika cha kumi vidole vinaisha, na moyo unaanza kwenda mbio.

Watu ni wengi kuliko nilivyodhani watu wanaweza kuwa, lakini ni kimya. Siku ya kwanza niliingia behewani nikatoa salamu, kama tunavyofanya kwenye gari la Kibiti. Hakuna aliyeinua macho. Sikuwaona wabaya, ndivyo walivyo. Ila tangu siku hiyo naitoa moyoni tu.

Sasa nikueleze lililonipata Alhamisi.

Asubuhi hiyo nilikuwa na lile begi jeusi. Ndani mlikuwa na pasipoti yangu, hati halisi za mizigo ya wateja watatu, na kanga yako ambayo nazifungia karatasi zisikunjike. Hati halisi ndiyo roho ya mzigo, mama. Aliyeishika ndiye anayepewa kontena. Na pasipoti ndiyo ya kunirudisha nyumbani kwa wakati. Baba hayupo, mimi ndiye walii wa kumwozesha Somoe, na ndoa yake ni wiki sita tu zijazo.

Nilisimama nimebanwa pande zote, begi linanikata bega. Mbele yangu alikaa bibi mmoja mwenye nywele nyeupe zilizokatwa fupi, fungu la mboga za majani liko miguuni pake. Mama, sijui nikueleze vipi. Mkono wangu haukuniuliza. Ulilivua begi ukaliweka mapajani mwa yule bibi, na mdomo ukasema kwa Kiswahili, "Naomba unipakatie, bibi."

Wewe unajua mkono huo umetoka wapi. Miaka yote ile ya kwenda gulioni Kibiti, ukipata kiti hukuwahi kufika na mapaja matupu. Ulipakata watoto ambao mama zao huwajui, vikapu vya mbaazi, kuku, na mara moja tairi la baiskeli lililokuchafua kanga mpya. Nilipokuuliza kwa nini, ulisema, "Mapaja ya aliyekaa si yake peke yake."

Bibi alinitazama kwa muda. Wasichana wawili pembeni wakacheka chinichini. Kisha akalikumbatia begi kwa mikono yote miwili na kuangalia mbele, kama mtu aliyepewa kazi yake. Kwa vituo viwili, mama, nilikuwa nyumbani.

Kituo kilichofuata ndicho kile kikubwa ambapo njia zinakutana. Mlango ulipofunguka, watu wa nyuma yangu walitoka kwa pamoja kama maji yaliyovunja tuta la jaruba la mpunga, na mimi nikatoka nao. Nilipogeuka, milango imeshafungwa. Nilimwona bibi kupitia kioo, amenyanyuka nusu, amelinyanyua begi kunionyesha. Treni ikaondoka.

Nyumbani ningepaza sauti, konda angegonga bodi, gari lingesimama. Au begi lingeachwa kwenye duka la pale stendi, na kabla ya magharibi kijiji chetu kizima cha Mtunda kingejua liliko. Hapa sikuwa na wa kumpazia sauti. Nilimpigia Idrisa, mwenzangu wa ofisini, mtoto wa Temeke ambaye utani haumwishi. Akasema, "Karani, hati za watu umempa bibi wa kwenye treni? Basi anza kutembea kwa miguu kuelekea Kibiti, utafika kabla pasipoti mpya haijatoka." Baadaye akaona sicheki, akaniambia nimtafute mlinzi wa kituo.

Mlinzi alikuwa kijana wa rika langu. Tulizungumza kwa kuandikiana kwenye simu yake, nayo inatafsiri.

"Huyo bibi amekuibia begi?"

"Hapana. Nilimpa."

"Ni ndugu yako?"

"Hapana."

"Unamfahamu?"

"Hapana."

"Sasa kwa nini ulimpa?"

 Nikaandika, "Kwa sababu alikuwa amekaa."

Alisoma, akanitazama, akasoma tena. Halafu akanieleza kwamba nikisema limeibwa, ataita polisi na bibi atasakwa mara moja. Nikisema nimempa, yeye anachoweza ni kupiga simu vituo vya mbele na kuuliza.

Hapo ndipo nilipoogopa kuliko siku zote za maisha yangu. Nilimwona Somoe amekaa ndani, masheikh wamekaa nje, na mahali pangu pako wazi. Neno moja tu, na begi lingesakwa na watu wenye nguvu. Lakini bibi wa watu akamatwe kwa kunipakatia mzigo?  Niliandika tena, "Nilimpa."

Akapiga simu. Kituo cha kwanza, hakuna. Cha pili alisikiliza kwa muda mrefu, uso ukaanza kulegea. Akaniandikia kwamba huko kuna bibi amekaa kwenye benchi na begi jeusi. Wafanyakazi wamemwomba awape walihifadhi, amekataa. Anasema mwenye begi atakuja.

Nilipanda treni iliyofuata, nikamkuta hivyo hivyo, begi mapajani, mikono juu yake, mboga zimeanza kunyauka. Hata zipu hakuigusa. Niliinama nikamwambia shikamoo, kwa kuwa sikuwa na neno jingine. Akagonga benchi kwa kiganja, nikae. Nilipokaa, akanirudishia begi mapajani mwangu. Kisha akachukua fungu lake la mboga akaliweka juu ya begi, akainama kufunga kamba ya kiatu chake, polepole kama ufanyavyo wewe goti likiuma. Alipomaliza akachukua mboga zake, akapanda treni ya kurudi alikotoka. Mimi nilibaki pale benchi nikalia. Somoe, usicheke.

Hati zilifika kwa kuchelewa kidogo na hakuna aliyeuliza. Idrisa sasa ananiita Mjukuu.

Lakini mama, tangu siku hiyo kuna jambo limeanza. Zamani nilipopata kiti nilishukuru tu. Sasa nakaa nikisubiri. Watu wamesimama mbele yangu, mifuko inawakata vidole, na hakuna anayenipa kitu. Juzi nilimnyooshea mikono mama mmoja aliyebeba mkoba wa shule wa mwanawe. Aliuvutia kwake, akasogea. Simlaumu. Ila sikujua kwamba mapaja matupu yanaweza kuuma kuliko bega lenye mzigo.

Nisalimie Bibi, mwambie mkeka wake ndio ninaoswalia. Nisalimie baba mdogo, shangazi wa Dimani, na Maalimu aliyenifundisha alifu, akiweza aniombee dua ya safari. Mchumba wa Somoe mwambie shemeji yake anakuja, asiongeze wala kupunguza siku.

Nikifika, usikodi bodaboda ya kunipokea Kibiti. Njoo tu stendi, tupande gari la Mtunda pamoja. Hata kama viti vyote viko wazi, wewe kaa. Mimi nitasimama na begi langu, unipakatie.

Ni mimi mwanao, ambaye bado hajazoea,

Shabani