Majina Aliyoyataja Abdi

Jumatatu, 7 Machi 1966

Chaki, vumbi, chaki tena. Jioni vitabu vya saikolojia. Mtihani wa walimu unakaribia na swali ni lile lile: nini humfanya mtu awe alivyo? Kitabu cha kwanza: utoto wake, na mambo aliyoyazika moyoni hata mwenyewe hayajui. Cha pili: upuuzi mtupu, mtu ni mazoea tu, tuzo na kiboko. Cha tatu: mpe chakula, usalama na upendo, atachanua mwenyewe. Wanabishana kama wake wenza.

Abdi, mwalimu mwenzangu wa darasa la tatu, ndiye mtu pekee Garissa nzima anayebisha mlango wangu. Nilimsomea yote. Akacheka. "Wallahi, mwalimu, hao wote hawajauliza baba yake nani?" Kisha akanitajia babu zake, mmoja baada ya mwingine, kama kawaida yake. Nimewasikia hadi nimewakariri.

Jumatano, 9 Machi

Abdi hayupo shuleni. Askari walimchukua jana kwenye msako wa mashifta, waasi wa Kisomali. Wanafunzi wake nimewachanganya na wangu. Sina hamu ya kula.

Ijumaa, 11 Machi

Karani wa kituo cha polisi anatangaza sokoni: Abdi amekiri! Ametaja wenzake jina kwa jina, hata kofi hakupigwa. Kesho anapelekwa kizuizini, mbali.

Abdi gani huyo? Nimempima. Kwa kitabu cha kwanza, alificha siri. Kwa cha pili, hofu imemfunza kusema. Kwa cha tatu, asiye na usalama hamjali mwenzake. Vyote vinamkaa sawasawa, na hilo linanichukiza. Halafu nikaogopa: je, na mimi nimo katika majina hayo?

Nimerudi kwa karani, nikamuuliza ni akina nani. Nuur, akasema. Hirsi. Guleed. Samatar. Warsame.

Yarabi! Ni babu zake.

Jumamosi, 12 Machi

Kafyu ilipoisha tu nilikuwa kituoni. Afisa ni mtu wa bara kama mimi. Nikamwambia: mlimuuliza yeye ni nani, akajibu kama anavyojibu kila Msomali hapa. Nikayataja majina yote, kwa mpangilio. Akanikazia macho. Mimi nimeyajuaje? Nikasema ukweli: jioni sina mtu mwingine wa kuzungumza naye.

Wakamleta Abdi. Hirsi yuko wapi? Kaburini. Guleed? Kaburini. Muda wote huo hakuna aliyekuwa amemuuliza.

Wamemwachia. Mdomo umevimba. Kumbe kofi lilikuwapo.

Jumapili, 13 Machi

Abdi ameondoka na lori la mbuzi, kwa wajomba zake Wajir. Kufundisha basi. Sikumsihi abaki, ningemsihi kwa lipi? Alikuja kuniaga, akanishika mkono kwa mikono yake miwili, na kwa mara ya kwanza akaniuliza ukoo wangu. Nikamtaja baba. Nikamtaja babu. Nikakwama. Alingoja kwa adabu hadi lori likapiga honi.

Jioni. Vitabu vitatu mezani, sijaandika neno. Nimechemsha chai nyingi kupita kiasi. Nimejaribu tena, kwa sauti. Baba. Babu. Kisha ulimi ukaendelea wenyewe: Guleed, Samatar, Warsame.

Hakuna aliyebisha mlango.