Kioo Kwenye Ufa

Jumatatu, 3 Machi 2025

Leo nimejua. Miaka sita nimebeba lawama isiyo yangu!

Injinia Gladness amechimbisha shimo nje, kwenye kona ya jikoni, pale nyumba inapozama. Chini kabisa, msingi umekaa juu ya jiwe. Jiwe kubwa, la kijivu, zuri kulitazama. Akachukua nondo, akaisukuma chini yake. Ikaingia yote! "Huu si mwamba, mama," akasema. "Ni jiwe limelala tu kwenye udongo. Linazama pamoja na nyumba yako."

Na Ndalahwa, fundi aliyejenga, alisimama hapohapo siku ya msingi akamwambia marehemu mume wangu, Mihayo: mzee, tumefika mwamba, hapa hata ghorofa. Hapa Butimba kila fundi anajifanya anajua mawe. Halafu kuta zilipopasuka akasema ni maji yangu mimi, Mama Nestory, ya kufulia. Kwenye jumuiya, baada ya rozari, mbele ya watu! Wakacheka. Mihayo akanikataza kufulia nyuma ya nyumba yangu mwenyewe. Nikawa nahangaika na beseni hadi kwa Paskazia, jirani.

Mihayo alikufa mwaka juzi. Alikufa akiamini ni mimi.

Ndalahwa atanitambua.

Alhamisi, 6 Machi

Gladness amekuja na michoro. Njia ziko mbili.

Ya kwanza, mashine. Wanachoronga matundu membamba hadi kwenye mwamba wa kweli, wanaweka chuma na zege, nyumba inashikwa. Mashine iko Geita, itachukua wiki mbili kufika. Hakuna mtu anayeingia chini ya ukuta.

Ya pili, mikono. Ukuta unagawanywa mafungu saba, kila fungu kama mita moja. Mtu anaingia chini ya msingi, anachimba fungu moja hadi mwamba, linajazwa zege, linaachwa siku tatu likauke. Kisha la jirani linarukwa, linachimbwa la mbali. Mafungu mawili yanayopakana kamwe yasifuatane, maana ukuta utabaki hauna kitu chini. Amelirudia hilo mara tatu.

"Ingekuwa nyumba ya mama yangu, ningesubiri mashine. Na masika ndiyo haya."

Nestory naye kapiga kutoka Dodoma. Mama, chukua mashine, gharama niachie mimi.

Mtu anaingia chini ya msingi — nilisikia hapo tu. Nimechagua mikono.

Jumamosi, 8 Machi

Ndalahwa kaja, mwenyekiti wa mtaa akiwepo. "Shikamoo, mama." Nikaitikia marahaba kwa meno. Nikampa nondo. Akaisukuma mwenyewe chini ya jiwe lake. Ikaingia yote!

"Hapa nilikosea," akasema. Kwa sauti ya kuliambia jiwe.

Nikatoa masharti. Moja, achimbe yeye mwenyewe, si vibarua. Mbili, aseme ukweli kwenye jumuiya, palepale aliponichafua. Mwenyekiti akasema mama, huyu ana miaka hamsini na saba, mgongo huo. Nikasema mimi nilikuwa na hamsini na nane nikibeba beseni.

Amekubali yote.

Jumatatu, 10 Machi

Kazi imeanza. Fungu la kwanza. Yuko kwenye shimo hadi mabega, matope hadi masikioni. Nimekunywa chai dirishani nikimtazama. Chai tamu!

Gladness amebandika kipande cha kioo juu ya ufa wa jikoni, ncha zote mbili kwa plasta. Ukuta ukisogea hata kidogo, kioo kinakatika. Lazima mtu akae nacho muda wote. Kikikatika apige kelele, aliye chini atoke hapohapo, asiulize.

Akataka kuleta kijana wake. Nikasema nitakaa mimi, niko nyumbani kutwa. Akafurahi.

Jumatano, 12 Machi

Asubuhi fungu la kwanza limejazwa zege. Hadi Jumamosi lisiguswe, wala la jirani yake.

Jioni jumuiya, kwa Paskazia. Nilivaa kitenge cha Krismasi. Rozari ikaisha. Ndalahwa akasimama, kashika kofia.

"Nataka kusema kuhusu nyumba ya Mama Nestory. Ni kweli, lile jiwe limechangia."

Limechangia!

"Lakini na maji nayo, jamani — yale maji yalikuwa mengi."

Wakacheka. Wote! Paskazia pia, mkono mdomoni. Ndalahwa mwenyewe akacheka, akaketi, kesi imeisha.

Mihayo angekuwepo naye angecheka. Nimelia njia nzima.

Alhamisi, 13 Machi

Mvua kutwa. Kazi hakuna. Siutaki msamaha wake tena.

Ijumaa, 14 Machi

Saa nne. Mvua imekata. Gladness yuko Pasiansi kwenye kazi nyingine, atarudi saa nane. Amepiga simu: leo Ndalahwa aanze fungu la nne.

Fungu la nne limejaa maji. Ndalahwa kalitazama, kasonya, kahamia la pili. La pili! Kando kabisa ya zege la juzi. "Lile limeshashika, mama," kaniambia kupitia dirishani, "simenti naijua mimi." Kama alivyoujua mwamba.

Ningeweza kumwambia. Nimesema, "Haya, fundi."

Saa tano na nusu. Amezama mzima, naona udongo tu ukirushwa nje. Anaimba wimbo wa kanisani. Sauti yake nzuri, sikuwahi kujua.

Nimekaa jikoni na daftari. Kioo kiko mbele yangu, mkono ukinyooka nakigusa. Chini yake plasta imedondosha vumbi kidogo, mezani, juu ya ukurasa huu. Nimelipuliza.

Anaita. "Mama Nestory! Kioo vipi huko?"

Nimemjibu kizima. Kilikuwa kizima.

Ameanza tena kuimba.

Kimelia — tik! Kidogo tu, kama kijiko kwenye kikombe. Mstari umepita katikati, juu hadi chini. Yeye hajasikia. Hakuna aliyesikia ila mimi. Nami badala ya kufungua mdomo nimeshika kalamu, naandika, yuko ubeti wa pili, na