Kifuko Chini ya Kiti cha Dereva

Lusaka, tarehe 9 Agosti 2025,
mwaka wa arobaini na mbili tangu nivuke mpaka

Mdogo wangu Domingas,

Pokea salamu zangu kabla ya neno lolote. Naomba barua hii ikukute unakaa na kuinuka bila kushikwa mkono, shima, ule ugali wetu wa muhogo, inapita kooni, na jicho la kushoto bado linakuonyesha mlango. Sisi hapa tunapumua. Magoti yangu hulalamika asubuhi, kisha hunyamaza jua likipanda. Mwanangu Vihemba ni mzima. Mumewe Hamoonga, yule Mtonga mwalimu, anasema hajasahau samaki wakavu uliomwahidi kwenye simu, na kwamba kwa Watonga ahadi ya chakula haifi.

Ulipotuma habari mwezi wa nne kwamba daktari wa Luena amesema presha ya macho itakufunga yote mawili kabla mwaka haujaisha, na kwamba unataka uso wangu uwe miongoni mwa vitu vya mwisho utakavyoviona, nilijibu kwamba nitakuja. Nilisema mbele ya watoto. Tangu siku hiyo nyumba hii haikuwa na mazungumzo mengine ila gari, kwa kuwa mabasi yanaishia Mwinilunga, na kutoka hapo hadi mpaka wa Jimbe, kisha Kazombo, kisha kwako, mtu hujitegemea. Vihemba akachukua zamu yake ya upatu, mimi nikauza cherehani za marehemu mama yake. Haikutosha gari kubwa. Ilitosha gari dogo la Kijapani lililokwisha kutumika, la aina ile inayoshushwa Dar es Salaam na kutufikia kwa njia ya Nakonde, limebeba vumbi la nchi mbili.

Nilikuwa mkaguzi mgumu. Nilisoma kila nilichokipata kuhusu magari hayo, nikazunguka yadi za mji huu na Hamoonga Jumamosi baada ya Jumamosi. Moja saa yake ya kilomita ilionyesha safari fupi, lakini mpira wa pedali ya breki ulikuwa umelika mpaka chuma kinacheka. Jingine nilifunua zulia la buti nikakuta mshono wa kuchomelea. Lilikuwa magari mawili yaliyoozeshwa. La tatu lilikuwa na kutu ya chumvi chini ya milango, na la nne mafuta ya injini yalikuwa na rangi ya chai ya maziwa. Hamoonga aliniambia hata mke sikumchagua hivyo. Kasoro zote hizo zilikuwa za kweli, Domingas. Lakini kila nilipoiona moja, kifua changu kilishuka kama cha mtu aliyeambiwa kesi yake imeahirishwa.

Kisha tukafika katika yadi ya Mbemba mmoja mnene mwenye maneno, jina lake Kapambwe. Alikuwa na Korola nyeupe. Nililitafutia kosa tangu asubuhi mpaka wauza chakula walipofungua masufuria. Nilinusa bomba la moshi, nikasoma tarehe iliyoshonwa kwenye mkanda wa kiti, nikaligusa kila bati kwa ukucha. Halikuwa na kosa. Kapambwe akatupakia ili tulijaribu barabarani, na ili atuonyeshe jinsi springi zake zinavyomeza mashimo, akaiacha lami na kuliingiza kwenye nyasi.

Sikumbuki nilichofanya. Hamoonga anasema nilimshika Kapambwe mkono wa usukani mpaka kucha zikaacha alama, na nilikuwa nasema kwa Kiluvale, bila sauti kubwa, rudi njiani, rudi njiani. Kapambwe alisimamisha gari akanitazama kwa huruma. "Mzee wangu, hizi ni nyasi tu," akasema. "Hata ng'ombe wanalala hapa." Nikasingizia tumbo. Tukalinunua siku hiyo hiyo, maana sikuwa na sababu iliyobaki.

Kila ukiwasha gari hilo, mwanamke huongea Kijapani kutoka kwenye kidude cha mbele, maneno yale yale, kwa adabu nyingi. Magari mengi ya hapa yana wanawake kama huyo, hakuna anayejua wanaomba nini. Vihemba alimjibu kila asubuhi, ee mama, tumekusikia. Lakini desturi ya hapa gari halisafiri mbali kabla ya kuombewa, na Mchungaji Nkandu alipokuja na chupa yake ya mafuta hakumpenda yule mwanamke hata kidogo. Alipaka mafuta usukani, akapaka matairi, kisha akaingiza mkono chini ya kiti cha dereva ili asiache pembe yoyote. Mkono ulitoka na kifuko cha hariri nyekundu, kidogo kama kidole gumba, kimeshonwa pande zote na kufungwa kwa uzi mweupe wenye fundo la ajabu. Kina maandishi ya nyuzi za dhahabu. Ndani kuna kitu kigumu.

Unajua watu wetu. Uwanja wote ulirudi nyuma. Mchungaji alikiangusha, akasema gari hili limeletwa na hirizi yake, na aliyeifunga anataka malipo. Jirani akaeleza habari ya mtu wa mtaa wa pili ambaye gari lake lilidai ndugu mmoja kila mwaka, na kwamba magari ya namna hiyo hutulia mjini, hungoja safari ndefu. Vihemba alinitazama mimi. Niliona ameshapiga hesabu ya nani atachukuliwa. Hakuna aliyethubutu kukichoma. Kilitiwa kwenye kopo lenye chumvi na kuwekwa nje ya ukuta.

Tulimrudishia Kapambwe gari, akakataa. Aliposikia sababu alicheka mpaka akashika meza. "Huyu mzee ni Mluvale," akawaambia wenzake, "na anakuja kunilalamikia mimi habari za hirizi? Baba, ninyi ndio viwanda. Mimi ndiye wa kukukimbia." Hata Hamoonga alicheka, ingawa alirudi nyumbani akiendesha taratibu kama aliyebeba mayai. Gari likafunikwa turubai. Wiki tatu hakuna aliyeligusa. Vihemba alisema heri shangazi alie kwa kutotuona kuliko alie juu ya majeneza yetu. Na katika wiki hizo tatu nililala vizuri, nikala na kuongeza.

Ndipo jirani yako akapiga simu kwamba jicho la kulia limekwisha kufunga, na kwamba umeamuru kiti chako kigeuzwe kielekee barabara ili la kushoto lisinikose. Jioni hiyo nilimwita Vihemba nikamwambia nimemuuliza mtu anayejua, na kile kifuko ni kitu ambacho Wajapani hupewa hekaluni ili wasafiri wafike salama. Alilia kwa kufarijika, akakitoa kwenye chumvi, akakitundika karibu na kioo. Wanaondoka Jumatatu, yeye na mumewe, na barua hii wataibeba ikiwa imefungwa. Nimewaambia magoti yangu hayawezi mwendo huo, na kwamba nitafuata kiangazi kijacho.

Sasa nifike nilipokuwa nikiogopa kufika.

Sikumuuliza mtu yeyote. Nilikijua kifuko kile tangu kilipotoka chini ya kiti. Nilipofundisha shule ya wakimbizi Meheba, mwenzangu wa hesabu alikuwa msichana wa Kijapani, Haruyo, na baiskeli yake ilikuwa na kifuko kama hicho, alichopewa na mama yake. Neno langu moja lingewatuliza wote mbele ya mchungaji. Sikulisema, kwa kuwa hofu yao ilinifaa.

Unajua kaka yetu Sapalo alifia njiani tulipokimbia vita. Hukuwa nasi, hivyo hujui kwamba alitoka njiani hatua chache tu kutuchumia mabungo, anacheka, ananiambia nishike kofia yake. Tangu bomu lile lililofukiwa nyasini sijakanyaga nyasi. Uwanja wangu hapa niliusakafia wote kwa saruji. Vihemba anadhani ni usafi. Umenieleza mara nyingi kwamba wategua mabomu wamepita, kwamba mawe mekundu ya kuonya hatari yamepakwa rangi nyeupe, na watoto wanacheza mpira pale tulipomzika. Kichwa changu kinakuamini. Jumapili iliyopita nilimwomba Hamoonga anipeleke mahali lami inapokwisha. Nilifungua mlango, nikatoa mguu mmoja. Ulibaki hewani mpaka ukafa ganzi. Hamoonga alijifanya anatafuta kitu kwenye simu. Nikaurudisha ndani, tukageuza.

Najua macho yako hayawezi tena herufi, na kwamba anayekusomea ni Vihemba. Kwa hiyo, mwanangu, na wewe umejua. Hasira unayo haki nayo, lakini usikatishe hapa. Msomee shangazi yako mpaka mwisho.

Domingas, ondoka kwenye kiti kile cha barabarani. Mtazame Vihemba ukiwa bado na jicho. Watu husema paji la uso na masikio ni yangu, na akikasirika ndiyo zaidi. Mgeuze kwenye mwanga, chukua muda wako. Kiti cha nyuma kina nafasi, na ukikubali watakuleta kwangu, ingawa najua ulivyoapa kutoyaacha makaburi. Mkumbushe Hamoonga kila akiwasha gari kwamba huko magari hupita upande wa kulia, atasahau.

Wasalimie wa nyumba ya mjomba na wote wanaoliulizia jina langu. Mpe Hamoonga samaki wake. Mungu akulindie jicho.

Mimi sitarudi.

Kaka yako,
Eusebio Chinyama